Bosko wa Ipuli: sio sumu, sio kichaa, ni kifafa

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mama mwenye mbwa. Anakaa Ipuli hapa Tabora mjini, kaniambia andika vyote ila jina langu niachie, basi nitataja la mbwa tu, anaitwa Bosko. Mi ni afisa mifugo, mtaani wananiita dokta lakini dokta wa kisa hiki ni mwingine, yule aliyesajiliwa na ndo aliyeandika dawa, mimi nilikuwa wa kwanza kuitwa na ndo niliyeendelea kupita pale nyumbani kuangalia mambo yanaendaje. Nakiandika kirefu kwa sababu mbwa akianguka na kutoa povu huku kwetu anapewa muda mfupi sana, watu wanashika marungu kabla hawajauliza swali hata moja, na Bosko angekuwa ameshafukiwa kama mama yake asingekuwa mbishi.

Bosko ni dume, baba ana damu ya jemani shepadi, mama ni wa kienyeji kabisa. Siku anaanguka mara ya kwanza alikuwa na miaka miwili na nusu hivi, kilo 24, anakula vizuri, anabweka, kazi yake ya ulinzi anafanya. Mchana anafungwa mnyororo kwenye mwembe, usiku anaachiwa ndani ya uzio. Kadi ya chanjo ya kichaa anayo na tarehe ilikuwa haijapita, hii kadi naomba uikumbuke. Chanjo nyingine hana, kama mbwa wengi tu wa mitaani kwetu.

Ilikuwa mchana watu wameshakula, Bosko kalala kivulini, mama anasikia mnyororo unapigapiga ndoo ya maji akajua anajikuna. Kutoka nje anakuta mbwa kalala ubavu, miguu imekakamaa imenyooka, shingo imepinda nyuma, macho yako wazi lakini haoni, afu miguu ikaanza kukimbia hewani, taya zinagongana, povu, na mkojo ukatoka hapo hapo. Mnyororo ulikuwa umeshamzunguka shingoni. Kijana wake wa sekondari akakimbilia jikoni akaja na kijiko amwingizie mdomoni asije akameza ulimi, taya zikafunga na kidole kikiwa ndani. Jirani mmoja akaleta maziwa, mwingine akawasha kiberiti amnusishe moshi, na uani pale kila mtu ana ugonjwa wake mfukoni: kalishwa sumu na wezi, ana kichaa, kaingiwa na mashetani, ana kifafa na hilo povu likikugusa na wewe unalo.

Niseme haya haraka maana yanaudhi. Mbwa hamezi ulimi, na binadamu pia hamezi. Mkono, kijiko, kijiti, hakuna kinachoenda mdomoni. Maziwa ukimmiminia mnyama ambaye hajitambui yanaenda kwenye mapafu, unamtoa kwenye kifafa unamtia kwenye nimonia. Kiberiti hakifanyi kitu. Na kifafa hakiambukizi, sio cha mbwa wala cha mtu, nina hasira na hili kwa sababu kuna watoto hapa hapa Tabora wanatengwa darasani kwa imani hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni kumtolea vitu vigumu karibu na kichwa, kutoa mnyororo kama unafikika bila kupitisha mkono mbele ya meno, kunyamazisha watu, na kuangalia saa.

Saa hasa. Mama aliniambia Bosko alitapatapa nusu saa nzima, na hilo nalisikia karibu kila nyumba, ukiwa umesimama pale dakika moja haiishi. Baadaye tulipopata vidio ilikuwa chini ya dakika mbili. Hapa hatubishani kwa ajili ya kubishana, mpaka wa hatari ni dakika tano. Tukio la kifafa likivuka tano halijakata, au yakija mawili na zaidi ndani ya masaa 24, hiyo ni dharura, joto la mwili linapanda, ubongo unaumia, na ukikadiria kwa moyo tu hutajua uko upande gani wa mpaka.

Nilifika jioni. Bosko alikuwa anatembea kufuata uzio, anazunguka, anagonga ndoo kana kwamba haioni, mama akimwita anambwekea, afu akanywa maji mpaka akatapika, afu akaanza kunusanusa jikoni anataka kula. Mama alikuwa analia akijua ndo kichaa chenyewe kinaingia. Lakini ile ni sehemu ya kifafa, ubongo unarudi taratibu, kwa mbwa wengine dakika chache kwa wengine hata siku nzima, na kwa muda huo anaweza asione vizuri, asikujue, na akung'ate kwa uoga. Unamwacha sehemu tulivu yenye giza kidogo, watoto mbali, maji kidogo kidogo. Kesho yake asubuhi Bosko alikuwa Bosko.

Sasa kidole. Hiki ndo nilianza nacho kabla hata sijamshika mbwa, maana mbwa aliyeanguka na kung'ata huwezi kusema ni kifafa ukaenda zako. Kijana nikamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, wakaenda hospitali akaanzishiwa chanjo, na mbwa akawekwa peke yake siku 10 anaangaliwa. Kadi ile ilisaidia sana kutuliza mtaa, walikuja wanaume wawili na mashoka nikawaonyesha tarehe. Na hizo siku 10 zina maana yake: mbwa ambaye ameshafika hatua ya kuambukiza kichaa kwa mate anazidi kuharibika kila siku na hawezi kumaliza muda huo akiwa mzima, anabadilika sauti, hamezi, miguu ya nyuma inalegea, anakufa. Bosko siku zote 10 alikula na kubweka kama kawaida. Kichaa kikatoka kwenye orodha.

Sumu ilinichukua maswali mengi zaidi, kwa sababu Tabora ni tumbaku, na nyumba nyingi hata za mjini utakuta chupa ya dawa ya wadudu iliyobaki shamba imewekwa chini ya kitanda. Kaka yake mama analima Urambo. Nikauliza kuna chupa? Ipo, lakini iko juu ya kabati na haijafunguliwa. Panya waliwekewa kitu? Hapana. Mbwa aliogeshwa kwa dawa gani ya kupe? Hapo huwa nakaza macho, watu wanachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe wanakisia kizibo kimoja kwenye ndoo, au wanamchoma mbwa ivamektini, dawa ya minyoo na kupe ya ng'ombe, kwa kipimo cha macho, na vyote viwili vinaweza kumwangusha. Kwake ilikuwa sabuni tu na kutoa kupe kwa mkono. Afu picha yenyewe ya sumu za wadudu haikukaa: zile humwaga mate na machozi, anaharisha, mboni zinakuwa ndogo, misuli inatetemeka bila kuacha, na hali inaendelea au inazidi. Haikati ndani ya dakika mbili afu mnyama akaja kuomba ugali.

Kilichonisumbua kweli ni nagana, ugonjwa wa vijidudu vya damu unaoletwa na mbung'o. Bosko aliwahi kwenda na huyo mjomba porini kipindi cha kurina asali, upande huo wa Urambo na Kaliua mbung'o ni jambo la kawaida, na mbwa anaugua vibaya kuliko watu wanavyodhani, homa, anakonda, macho yanaweka ukungu mweupe, uso unavimba, na vile vijidudu vinaweza kuingia mpaka kwenye ubongo. Kwenye duka moja la dawa za mifugo mama alikuwa ameshaambiwa mchome Berenil, dawa ya nagana, itamaliza. Nikamzuia. Ile dawa ya ng'ombe kwa mbwa ina nafasi finyu sana kati ya kipimo cha kuponya na cha kuumiza, na inachoumiza ni ubongo huo huo tunaotaka kuuokoa, huwezi kuitumia kwa kubahatisha. Hapa kwetu tuna bahati, maabara ya kanda ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, iko hapa hapa Tabora, tukatoa damu, slaidi ikasomwa na ikarudiwa kwa sababu slaidi moja inaweza kukosa. Hakuna vijidudu, damu haijapungua, kupe hawajamwachia kitu. Sukari ikawa sawa, figo na ini havikuonyesha shida.

Ile homa ya mbwa ya distempa niliifikiria pia, maana hajachanjwa, lakini hakukohoa, hakuwa na tongotongo, nyayo zake zilikuwa laini hazijawa ngumu, na hana ule mtikisiko wa taya au mguu unaoendelea hata mbwa akiwa amelala usingizi. Angekuwa jike anayenyonyesha ningeuliza kalisiamu kushuka kwenye damu, angekuwa kitoto cha mwezi mmoja ningeuliza njaa na minyoo. Sio.

Nikamwachia mama daftari na sharti moja, likitokea tena kijana ashike simu badala ya kijiko. Wiki tatu baadaye kikaja kingine, alfajiri, mbwa kalala. Vidio nzuri kabisa, tena na sauti ya mama anahesabu. Afu kikaja kingine. Afu usiku mmoja viwili, kimoja saa sita kingine kabla ya adhana, na katikati yake Bosko mzima. Hilo neno katikati ndo lilifunga kesi kwa maoni yangu. Dokta alimpima akamtembeza, akamkunja miguu kuona kama anairudisha, akamwangalia macho, kila kitu sawa. Kuna kikosi cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa cha wanyama walitoa makubaliano yao 2015, na ngazi yao ya kwanza ya kusema hiki ni kifafa cha asili, yaani kisichotokana na ugonjwa mwingine, haihitaji mashine kubwa ambazo hatuna: mbwa ameanza kati ya miezi 6 na miaka 6, ameanguka angalau mara mbili zilizopishana zaidi ya masaa 24 bila kichochezi, akipimwa kati ya matukio yuko kawaida, na damu na mkojo havionyeshi sababu. Bosko alikaa humo bila kulazimishwa.

Dawa ikaanza kwa sababu ya ule usiku wa mara mbili. Mbwa aliyeanguka mara moja kwa mwaka unaweza kumwangalia tu, lakini mawili ndani ya miezi sita, au ya kufuatana, unaanza. Fenobabitoni, ile ile ya binadamu ya vidonge vya miligramu 30, dokta akapiga hesabu ya miligramu 2.5 kwa kila kilo, ikawa vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Saa moja na saa moja. Mama akaweka alamu kwenye simu, kidonge ndani ya tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa dagaa, Bosko hajawahi kutema hata siku moja.

Kuna jirani alijitolea vidonge vya mwanae anayeugua kifafa, wanachukua zahanati. Huruma nzuri lakini hapana, kidonge cha mbwa kikitoka kwenye kopo la mtoto basi mtoto ndo ataanguka mwisho wa mwezi. Mwingine alikuwa na kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa ya binadamu. Hiyo nayo kwa mbwa haina kazi, mwili wake unaitoa haraka mno, na fenitoini vile vile. Fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa, unanunua famasi kwa karatasi ya daktari, na mama akajifunza kwenda kabla kopo halijafika chini.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa, kwa macho ya mama. Mbwa anayumba kama katoka kilabuni, analala mwizi akipita, akiamka anakunywa ndoo nzima anakojoa kila kona, na njaa imempanda mpaka akaiba sufuria la maharage likiwa na moto. Akanipigia: "Dokta, hii dawa yako inaniulia mbwa, mi naacha." Nikamwambia mama vumilia, dawa inahitaji kama wiki mbili kutulia kwenye damu, ule usingizi utapungua, kiu na njaa vitabaki. Ikawa hivyo. Nikamwonyesha na vya kuogopa: fizi kuwa njano, kukataa chakula, kutapika siku kadhaa, maana dawa hii ini ndo linaibeba na damu inatakiwa kuangaliwa tena kila miezi sita hivi. Na sharti la juu ya yote, usiache ghafla.

Daftari likatulia. Kurasa zikawa hazina kitu. Miezi inapita kuna kimoja kifupi, kingine baada ya mvua kubwa, basi. Na hapa ndo naona visa vingi vinapoharibikia, sio pale mwanzoni kwenye makelele, ni pale kwenye utulivu, mtu anaanza kuona kidonge ni mazoea tu.

Ukatokea msiba Nzega. Mama kaondoka usiku, mtu unakimbia na kanga mkononi, kijana kabaki, na kopo lilikuwa na vya siku moja. Kijana hakujua pesa ya dawa iko wapi, akaona aibu kumpigia mama yuko matangani, na mbwa si anaonekana mzima. Usiku wa tatu akanipigia mimi. Lilianza, halikati. Kwa saa yake lilishavuka dakika sita. Nikampigia dokta njiani tukakutana mlangoni.

Bosko alikuwa anachemka, ukimshika tumboni unatoa mkono. Kijana, namsifia kwa hili, alikuwa ameshamwondoa kwenye ukuta, kamwekea gunia chini ya kichwa, na anamlowesha tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida huku anapepea na ungo. Sio maji ya barafu, barafu inabana mishipa ya ngozi na joto linabaki ndani. Mshipa wa mguu haukushikika kwa vile anavyorusha, basi dokta akavuta dayazepamu, dawa ya kukata kifafa, kutoka kwenye vichupa akatoa sindano akaacha bomba tupu na kimpira chembamba, akaipitisha njia ya haja kubwa. Ndani ya dakika chache miguu ikapunguza, ikaacha. Baadaye akapata mshipa, akampa fenobabitoni ya sindano, na tukakesha.

Wengi hawajui kwamba kilichotokea pale sio ugonjwa kuongezeka, ni mwili uliozoea dawa kunyimwa dawa. Mbwa aliyekuwa anaanguka dakika mbili, ukimkatia ghafla anaweza kuanguka asisimame. Kijana alijilaumu sana na mama aliporudi alitaka kumgombeza, nikaomba tusiende huko, hakuna mtu aliyewahi kumwambia yeye, wote tulikuwa tunaongea na mama. Ratiba ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Vilivyobadilika baada ya hapo ni vidogo na ndo vinafanya kazi. Kuna kopo la pili lenye vidonge vya wiki mbili, halifunguliwi mpaka la kwanza liishe, na likifunguliwa tu mtu anakwenda famasi. Karatasi imebandikwa ukutani jikoni, anayempa anaweka alama, hata dada wa kazi anaijua. Ukisahau saa moja ukakumbuka saa tatu unampa na unaendelea, ila humpi mara mbili kufidia. Dayazepamu ipo ndani kwa maandishi ya dokta, kipimo kimeandikwa kwenye boksi, inakaa kwenye kichupa chake cha kioo gizani na inavutwa siku ya kazi tu, ukiiweka kwenye bomba la plastiki mapema plastiki inaifyonza. Mnyororo umetoka kabisa. Ndoo imehamishwa kutoka pale anapolala, lile banda lenye pembe za bati limezungushiwa magunia, na kisima kina mfuniko. Mama pia anajua mbwa akiugua kitu kingine lazima amtajie daktari yeyote kwamba yuko kwenye fenobabitoni, kwa mfano kloramfenikoli, ile antibiotiki, inaifanya ipande kwenye damu mpaka mbwa alewe.

Nilimwambia mama ukweli toka mwanzo na narudia hapa, haponi. Tunachotafuta ni ziwe chache, fupi, na zisifuatane. Kwa mbwa kama robo hadi theluthi, dawa haiwatulizi vizuri hata ukiwa mwaminifu, wanaongezewa bromaidi ya potasiamu ambayo nayo inachukua kama miezi mitatu kutulia, na wengine inafika mahali familia inaamua kumpumzisha, na sioni haki ya kumhukumu mtu wa namna hiyo. Bosko hajafika huko. Tangu ule msiba daftari lina mawili, yote ya chini ya dakika mbili.

Kuna jamaa wa Isevya anataka mbegu yake kwa sababu anabweka vizuri. Jibu ni hapana, kifafa hiki kinatembea kwenye damu za ukoo na huo ujemani shepadi ni moja ya koo zinazojulikana kwa hilo, na mpango ni ahasiwe. Ugomvi uliobaki kati yangu na mama ni unene. Bosko sa hivi ana kilo 29, mama anasema ni vidonge vinamnenepesha tupunguze viwe kimoja kimoja. Nikamwuliza anakula nini, akaanza kunitajia: ugali wa asubuhi, wa mchana, wa jioni, na ule wa kumezea dawa. Tumeondoa wa mchana. Vidonge viko pale pale.